Nani Anasafiri, Saa Ngapi, na Amebeba Nini

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Ongezeko la watu milioni moja ndani ya miaka kumi linatosha kumfanya mpangaji yeyote wa usafiri aanze na swali la wingi: barabara hii ipitishe abiria wangapi kwa saa, na mabasi ya ukubwa gani yawabebe? Swali hilo ni la lazima na silipuuzi hata kidogo. Hata hivyo, kuishi kwangu Kitunda na kufundisha kwangu sekondari upande wa Temeke kumenifanya niamini kwamba lipo swali jingine linalopaswa kulitangulia, nalo ni nani anayesafiri, saa ngapi, anatoka wapi kwenda wapi, na amebeba nini. Swali hilo likirukwa, jiji hujenga usafiri wa abiria wa aina moja, kisha huwashangaa wengine wote kwa nini hawautumii.

Abiria huyo wa aina moja ninamfahamu vizuri. Ana kazi ya mshahara. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akiwa na begi la mgongoni, anakwenda katikati ya jiji, anakaa huko mchana kutwa na kurudi kwa njia ileile jioni. Ana nguvu za kusimama safari nzima, anajua kusoma vibao, na mfukoni ana nauli ya kwenda na kurudi. Ni mtu wa kweli, ni mchapakazi, na mateso yake ya foleni ya Barabara ya Morogoro yalikuwa makubwa kiasi kwamba jiji lilifanya jambo jema kumhudumia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoa huduma Mei 2016, katika njia ya takriban kilomita 21 inayotoka Kimara hadi Kivukoni ikiwa na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani, safari iliyokuwa inakula saa mbili ikawa ya dakika zisizofika sitini. Sakafu ya basi ililingana na ukingo wa kituo, na kwa mara ya kwanza katika jiji hili mtu mwenye kiti cha magurudumu aliweza kuingia ndani ya basi bila kubebwa. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Kimataifa ya Usafiri Endelevu, na tuzo hiyo ilistahili.

Lakini njia ile ilipofunguliwa, daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro kuingia mjini ziliondolewa na kupangiwa njia nyingine, na hapo ndipo tofauti kati ya abiria na abiria ilipojitokeza waziwazi. Aliyekuwa anatoka ndani zaidi ya Kimara kwa gari moja hadi Kariakoo sasa alitakiwa kushuka Kimara, kupanga foleni na kulipa nauli ya pili. Kwa mwenye mshahara hiyo ni kero ya dakika chache na mamia machache ya shilingi. Kwa mama anayekwenda Kariakoo kununua ndoo mbili za plastiki, mafungu ya mitumba na gunia la mkaa la kuuza rejareja, mabadiliko yale yalimaanisha kwamba basi jipya halikuwa la kwake kabisa, kwa sababu ndani yake hapana pa kuweka mzigo, na katika msongamano wa jioni mtu mwenye gunia hawezi hata kuufikia mlango.

Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, kabla jua halijatoka upande wa Kigamboni, utaona jambo ambalo halionekani katika hesabu ya abiria kwa saa. Samaki wanapigwa mnada, sauti zinapandana, maji ya chumvi yanatiririka sakafuni, na pembeni wanasubiri wanawake waliotoka Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale wakiwa na ndoo tupu na mabeseni. Hao ni wakaanga samaki. Mtaji wao ni mdogo, na faida yao inategemea kufika nyumbani mapema kiasi cha kuparua, kukaanga na kukaa kibarazani kabla watu hawajarudi kutoka kazini. Nimewahi kupanda gari moja na mmoja wao kutoka Feri. Alikuwa amefunika ndoo yake kwa kipande cha kiroba, juu yake amefunga khanga kwa mafundo manne ili maji ya barafu yasimwagike, na alipoingia alikwenda moja kwa moja siti ya nyuma kabisa, akaibana ndoo kati ya magoti yake na kugeuzia uso dirishani. Konda alimtoza nauli yake na nusu nauli ya ndoo. Kijana mmoja alilalamikia shombo. Mama hakujibu kitu. Aliichukua khanga nyingine aliyojifunga kiunoni akaiongeza juu ya ile ya kwanza.

Safari ile, pamoja na udhia wake wote, iliwezekana. Daladala ina makosa mengi, na nitayataja, lakini ina sifa moja ambayo mifumo mipya haijajifunza kuiheshimu: inajipinda kumfuata abiria. Konda anajua kwamba alfajiri Feri kuna ndoo, kwa hiyo anaacha nafasi kando ya dereva na chini ya siti ya nyuma. Anajua kwamba mwezi wa Ramadhani watu wanataka kuwa nyumbani kabla ya magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri magari yanakimbilia mitaa ya ndani na usiku yanarudi barabarani tena baada ya tarawehe. Maonyesho ya Sabasaba yakianza, magari yanageuzwa kuelekea Barabara ya Kilwa siku hiyohiyo. Simba na Yanga wakikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, hakuna kikao kinachohitajika ili magari yawepo nje dakika ya tisini. Maarifa haya hayajaandikwa popote, yamo vichwani mwa watu wasioitwa kwenye semina.

Makosa ya daladala yanatokana na chanzo kimoja kikubwa, na mtu asipokielewa atabaki kuwalaumu makonda kwa tabia mbaya. Dereva na konda hawalipwi mshahara. Kila siku wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu, yaani kiasi kilichokwisha kukubaliwa, wanaweka mafuta wao wenyewe, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Kwa hiyo kila kiti ni sehemu ya hesabu. Gari halitaondoka kituo cha mwanzo mpaka lijae, hata kama mgonjwa amekaa ndani dakika arobaini. Saa sita mchana, abiria wanapokuwa wachache, gari hupaki kivulini, kwa sababu kuzunguka na viti vitupu ni kuunguza mafuta. Jioni likikuta foleni ndefu mbele, linakatisha njia na kugeuza, na waliokuwa wanaelekea mwisho wa safari wanashushwa gizani. Hakuna hata moja kati ya haya linalotokana na roho mbaya, ni hesabu tu.

Wanaoumizwa zaidi na hesabu hiyo ni wanafunzi wangu. Tangu nauli zilipopanda Desemba 2023, mtu mzima anayesafiri umbali usiozidi kilomita kumi hulipa shilingi 600, na mwanafunzi hulipa shilingi 200. Punguzo hilo ni agizo la serikali na ni agizo la utu. Lakini anayelibeba ni nani? Si serikali wala tajiri, maana hesabu yake haipungui hata shilingi moja. Anayelibeba ni konda, ambaye kila mtoto anayekaa kitini anampunguzia shilingi 400 za siku yake. Simama kituo cha Banana saa kumi na mbili na nusu asubuhi uangalie: watu wazima wako mbele, na watoto wa mashati meupe wamejikusanya nyuma yao, kila mmoja ameshika sarafu moja ya mia mbili mkononi ili aonekane ana nauli. Gari linafika, konda anaweka mkono wake mlangoni kama kizuizi na kutangaza, "Madenti wawili tu!" Wawili wanapita chini ya kwapa lake. Waliobaki wanarudi nyuma kusubiri gari linalofuata, na linalofuata nalo lina konda mwenye hesabu.

Wanafika darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Shule nyingi zina adhabu kwa wachelewaji, na mwalimu aliye zamu langoni hana njia ya kumtofautisha aliyelala kupita kiasi na aliyekataliwa na magari manne. Wasichana wana mzigo wa ziada ambao haufai kufichwa: akitokea mwendesha bodaboda anayewahi kumpakia bure kila asubuhi, urafiki huo una bei yake, na bei hiyo hudaiwa baadaye. Tumewapoteza wasichana darasani kwa njia hii. Ninapowasikia watu wakiliita tatizo la nauli ya mwanafunzi jambo dogo la adabu barabarani, moyo unaniuma, kwa sababu ni tatizo la elimu, ni tatizo la afya, na kinachotakiwa kulitibu ni fedha kidogo na mkataba ulioandikwa vizuri.

Kundi jingine ambalo halionekani vizuri ni la wanawake wenye safari za vipande vipande. Mama anayempeleka mtoto chekechea, akapitia sokoni, akaenda kliniki, kisha akarudi kumchukua mtoto, hatembei umbali mrefu kama mfanyakazi wa Posta, lakini anapanda magari manne na kulipa nauli nne kamili. Nauli zetu hupangwa kwa umbali wa kila safari kana kwamba kila mtu ana safari mbili kwa siku. Tiketi ya muda, inayomruhusu mtu kushuka na kupanda tena ndani ya saa mbili kwa malipo yaleyale, isingemgharimu mtoa huduma fedha nyingi, ila ingebadilisha kabisa bajeti ya nyumba nyingi. Kwa kuwa malipo ya kadi yameshaanza kuzoeleka mjini, jambo hili halihitaji ugunduzi wowote.

Kigamboni inatoa mfano wa namna hitaji moja linavyoweza kudhaniwa kuwa jingine. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilipofunguliwa Aprili 2016, lilikuwa ukombozi kwa wenye magari na kwa wanaoelekea Kurasini na Temeke. Lakini pantoni ya Magogoni haikupoteza watu wake. Wanaovuka kwa miguu kwa shilingi 200 wanashuka palepale Feri, hatua chache kutoka sokoni na ofisi za Kivukoni, na kwao daraja ni mzunguko mrefu na nauli ya ziada. Kwa hiyo kivuko kinapopungua kwa sababu ya matengenezo, kumwambia mchuuzi wa Kigamboni kwamba daraja lipo ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Kisha kuna sisi tunaokaa ng'ambo ya lami. Kitunda, Kivule, na mitaa mingi kama hiyo imejaa watu kwa kasi kubwa kuliko barabara zake. Masika yakianza, mabonde yanajaa maji, kosta zinasita kuingia, na kinachobaki ni bajaji na bodaboda kwa bei inayopanda kadiri mvua inavyozidi. Jirani yangu mzee, mwenye ugonjwa wa figo, anasafishwa damu mara kwa mara. Sehemu ngumu ya safari yake si ile ndefu ya barabara kuu, ni ile fupi ya kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, kwenye mchanga na kipande cha ubao kilichowekwa juu ya mtaro, ambapo vijana wawili humshika mikono. Hata basi likiwa na sakafu iliyolingana na kituo, yeye ameshachoka kabla hajalifikia. Mpango wa usafiri unaoanzia kituoni umemwacha nje tangu ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichukulia kirahisi, nalo ni taarifa. Daladala za Dar es Salaam zina mistari ya rangi ubavuni inayotambulisha njia, majina ya vituo viwili vya mwisho yameandikwa kwenye paji la gari, na konda anatangaza kwa sauti kila kituo. Asiyejua kusoma anafuata rangi, asiyeona anafuata sauti ya konda, asiyesikia anafuata maandishi. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani kubuni mfumo huo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lakini unawafaa. Kituo kipya kinapoweka skrini pekee, na skrini yenyewe ikazima, watu wa makundi matatu wanapotea kwa wakati mmoja. Ningependa sana wanaonunua vifaa wakae nusu siku katika daladala wakiwa wamefumba macho.

Mahitaji ya jamii yanaweza kujulikana, tena bila gharama kubwa. Jijini Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani waliwatuma wanafunzi kupanda matatu, yaani daladala za huko, wakiwa na simu za mkononi na kurekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ikatoka. Ilipotandazwa mezani ilionyesha wazi jinsi njia zilivyobanana kuelekea katikati ya jiji, huku mtaa na mtaa vikikosa kuunganishwa. Hapa kwetu, tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika. Vijana waliojifunza kazi ile bado wapo. Wakipewa jukumu la kurekodi safari badala ya mitaro, na wakaambiwa wahoji pia aliyekata tamaa akaamua kutembea kwa miguu, tutapata picha ambayo hesabu ya kituoni haiwezi kuitoa, kwa sababu aliyeshindwa kusafiri hahesabiwi popote.

Mikutano ya kukusanya maoni nayo inahitaji kutazamwa. Ukiitisha mkutano ofisi ya kata saa nne asubuhi siku ya kazi, watakaokuja ni wastaafu, wajumbe na wenye maduka ya karibu. Mkaanga samaki yuko njiani na ndoo, mwanafunzi yuko darasani, na muuguzi wa zamu ya usiku ndiyo kwanza analala. Maoni yatakayoandikwa yatakuwa ya kweli, ila yatakuwa ya kundi moja. Kwa nini asitumwe mtu Feri saa kumi na moja alfajiri, au Banana wakati wa wanafunzi, au kliniki ya wajawazito siku ya mahudhurio?

Hata hivyo, kujua hakutoshi kama malipo yanabaki yalivyo. Mtoa huduma akilipwa kwa kichwa cha abiria atamfuata abiria anayelipa zaidi kwa usumbufu mdogo zaidi, na hakuna hotuba itakayombadilisha. Bogotá, jiji la Kolombia ambalo mfumo wake wa mabasi ulioanza mwaka 2000 ulikuwa kielelezo kwa wapangaji wa mwendokasi yetu, lilichagua kuwalipa waendeshaji wa njia kuu kwa kilomita zilizotembewa. Mfumo ule una matatizo yake, msongamano ukiwa mmojawapo, lakini dereva anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kumkimbia mtoto mwenye sare. Kilomita alizokubali kuzitembea saa sita mchana atazitembea hata kama ndani kuna bibi mmoja na kikapu chake. Tulichokiona Barabara ya Kilwa kinafundisha upande wa pili wa jambo hilohilo: njia ya mwendokasi ya kwenda Mbagala, takriban kilomita 20, ilikamilika muda mrefu kabla mabasi yake hayajafika, na kwa kipindi chote hicho zege lilikuwepo pasipo huduma.

Ndiyo maana ninaomba jaribio dogo badala ya mradi mkubwa. Ichukuliwe njia moja ya daladala, ya Kivule hadi Banana kwa mfano, na magari yaleyale yenye madereva na makonda walewale. Kwa muhula mmoja wa shule, halmashauri iwalipe kwa kilomita badala ya kuwaachia wategemee hesabu, kwa masharti manne tu: gari la kwanza litoke saa kumi alfajiri, lisisubiri kujaa, mwanafunzi asikataliwe, na ndoo ipewe nafasi yake kwa nauli inayojulikana. Nauli zinazokusanywa ziingie katika mfuko wa njia hiyo, na pengo litakalobaki lijulikane kwa shilingi kamili, maana leo pengo hilo lipo pia, isipokuwa linalipwa na mtoto aliyeachwa kituoni. Shuleni tunayo madaftari ya mahudhurio ya kila asubuhi, yanayoonyesha nani alifika na saa ngapi. Madaftari hayo yanaweza kuwekwa mezani bure, ya kabla ya jaribio na ya baada yake.